Wakubwa Nao Waitike

Leo tuna jambo moja tu la kuzungumza, nalo ni hili: mataifa makubwa, yale yenye manowari, mabenki na kura ya turufu, yashirikiane na mahakama za kimataifa za uhalifu, au yasishirikiane?

Nisikuwekeni roho juu. Mimi naona yashirikiane. Tena naona yameshashirikiana nazo miaka mingi, kwa fedha, kwa ndege, kwa makachero na kwa kura. Wakubwa hao wanaikimbia mahakama pale tu jina lililosomwa ni la mtu wao. Hapo ndipo penye ugomvi wangu nao, na hilo ndilo nitakalolieleza leo.

Tuanzie hapa hapa mjini, Mji Mkongwe, Zanzibar.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini. Kabla siku haijaisha, Khalid bin Barghash akaingia kasri na kukalia kiti. Waingereza hawakumtaka, mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda: ikifika saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshateremsha bendera na kutoka. Saa tatu ikafika, bendera ipo juu. Dakika mbili baadaye mizinga ikaanza kulia kutoka baharini, hapo mbele ya Forodhani. Haikutimia hata saa moja. Kasri la Beit al-Hukm likawa kifusi, meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini, na upande wa Khalid watu wapatao 500 wakawa wamekufa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja.

Haya mnayajua, vita vifupi kuliko vyote duniani, watembeza wageni wetu wanayasimulia kila siku. Lakini yaliyofuata hayasimuliwi sana, nami nayapenda zaidi.

Khalid alikimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani. Waingereza wakasema: mtoeni. Wajerumani wakasema: hatumtoi. Kulikuwa na mkataba baina ya wakubwa hao wawili wa kurudishiana wahalifu, lakini mkataba ule haukuwagusa watu waliokimbia kwa mambo ya siasa. Basi Waingereza wakaweka mabaharia na askari nje ya nyumba ile, usiku na mchana. Khalid akitia mguu nje tu, ashikwe. Zikapita wiki. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, manowari ya Kijerumani iitwayo Seeadler ikapeleka mashua mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi. Khalid akatoka bustanini akaingia mashuani moja kwa moja. Hakukanyaga hata shubiri moja ya ardhi ya Zanzibar. Sheria ilikuwa inamngojea barabarani, naye akapita baharini, akenda zake Dar es Salaam. Waingereza hawakumpata mpaka 1916, katikati ya vita vya dunia.

Sasa niulize. Na wale watu 500 je? Nani aliulizwa juu yao? Hakuna aliyeulizwa. Hapakuwa na mahakama ya kuuliza. Waingereza, kinyume chake, waliwadai wafuasi wa Khalid fidia ya thamani ya makombora yaliyofyatuliwa na ya mali iliyoporwa siku ile, rupia 300,000. Mmesikia vizuri, wasikilizaji. Aliyepigwa alilipishwa kombora lililompiga.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kina kila kitu ndani yake. Wakubwa wawili walikuwa na sheria baina yao, na waliiheshimu kweli kweli, hata maji kujaa na kupwa waliyahesabu ili wasiivunje. Ila sheria hiyo ilihusu nani amkabidhi nani. Maiti waliokuwa chini ya kifusi cha Beit al-Hukm hawakuwa na kifungu chao.

Sasa turuke karibu miaka mia, twende Arusha.

Novemba 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama maalumu, nayo ikawekwa Arusha, katika lile jengo la mikutano la AICC. Wengi wenu mliwahi kupita pale mkaona walinzi na magari meupe. Mahakama ile ilifanya kazi mpaka mwisho wa 2015. Hapo ndipo Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alipotiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutoa hukumu kama hiyo, na ni katika hukumu hiyo hiyo ubakaji ulipohesabiwa kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Hapo ndipo Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji yale, alipokiri mwenyewe na kufungwa maisha. Waziri mkuu, wasikilizaji, mbele ya majaji, hapa hapa nchini kwetu.

Na watuhumiwa walifikaje Arusha? Mahakama haikuwa na polisi wake. Walifika kwa sababu nchi ziliwakamata na kuwaleta, zikiwemo zile kubwa. Chukueni kisa cha mchungaji Elizaphan Ntakirutimana. Mwaka 1996 alikamatwa huko Laredo, jimbo la Texas, Marekani. Akapinga, akapanda mahakama moja baada ya nyingine mpaka ile ya juu kabisa ya Marekani. Akashindwa. Machi 2000 akapandishwa ndege, akaletwa Arusha, na Februari 2003 akahukumiwa pamoja na mwanawe, aliyekuwa daktari.

Naomba tulitue hili kidogo. Marekani ilimkamata mzee katika ardhi yake, ikamleta Tanzania ahukumiwe na majaji waliotoka mataifa mbalimbali, wakiwemo wa Kiafrika. Haikusema majaji hao hawana mamlaka. Haikusema ni siasa. Ilitekeleza. Kwa hiyo mtu akikwambieni kwamba dola kubwa haiwezi kushirikiana na mahakama ya kimataifa, kwamba katiba yake haiiruhusu na heshima yake haiipi, mwambieni: Laredo mpaka Arusha.

Lakini Arusha kulikuwa na jambo moja lililowarahisishia wakubwa. Hakuna Mmarekani, Mfaransa wala Mrusi aliyetazamia kujikuta kizimbani mle. Mahakama ilikuwa ya Rwanda, ya mwaka mmoja, ya wengine.

Ilipokuja Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ile ya The Hague tunayoiita ICC, mambo yakabadilika. Hii ni ya kudumu. Mkataba wake ulipitishwa Roma 1998, ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2002. Tanzania tumo tangu Agosti mwaka huo. Nchi zaidi ya 120 zimo. Uingereza na Ufaransa zimo. Marekani, Urusi, China na India hazimo.

Marekani ilitia saini siku ya mwisho ya mwaka 2000, Rais Clinton akiwa anafunga mizigo yake. Mei 2002 serikali ya Bush ikatangaza kwamba saini ile isihesabiwe tena. Miezi mitatu baadaye ikapita sheria inayomruhusu rais wao kutumia njia yoyote inayohitajika kumtoa Mmarekani atakayeshikiliwa na mahakama ile. Njia yoyote. Watu wakaipachika jina, sheria ya kuivamia The Hague. Wakati huo huo wajumbe wao wakazunguka dunia na karatasi mkononi, wakiomba kila nchi itie saini kwamba haitamkabidhi Mmarekani kwa mahakama. Uganda ikatia saini. Kenya ikakataa, ikakatiwa msaada wa kijeshi.

Sasa tazameni upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo. Machi 2005, suala la Darfur, huko Sudan, lilipopelekwa The Hague na Baraza la Usalama, Marekani ingeweza kupiga turufu. Haikupiga, ikaacha lipite. Februari 2011, suala la Libya, wote 15 wa Baraza walinyanyua mikono, Marekani, Urusi na China wamo. Machi 2013 Bosco Ntaganda, aliyekuwa akitafutwa kwa mambo ya Ituri, Kongo, aliingia kwa miguu yake ubalozi wa Marekani mjini Kigali, na kabla ya wiki kwisha alikuwa The Hague. Januari 2015 Dominic Ongwen, kamanda wa kundi la waasi la Kony wa Uganda, alijisalimisha Jamhuri ya Afrika ya Kati, akapita mikononi mwa askari wa Kimarekani kabla ya kupelekwa huko huko. Ntaganda alipewa miaka 30, Ongwen 25. Na 2023, baada ya kutoka hati ya kukamatwa kwa Rais Putin wa Urusi, serikali ya Marekani iliagiza ushahidi wake juu ya vita vya Ukraine upelekwe kwa mahakama ambayo Marekani yenyewe si mwanachama wake.

Narudia, maana hapa ndipo pa kushika. Sudan haikuwa mwanachama wa mahakama hii. Libya haikuwa mwanachama. Wakubwa ambao nao si wanachama walinyanyua mkono, au walikaa kimya, ili wasiokuwa wanachama hao washtakiwe. Halafu linapokuja lao wanasema: sisi si wanachama, hatuhusiki. Wahenga wetu walilimaliza hili zamani: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Na mchungu kweli umekuwa. Machi 2020 majaji wa rufaa wa ICC waliruhusu uchunguzi wa Afghanistan, ambao uligusa Wataliban, majeshi ya serikali ya huko, na pia askari na makachero wa Marekani. Mwaka huo huo Marekani ikamwekea vikwazo mwendesha mashtaka, Fatou Bensouda. Huyu ni mama wa Gambia ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Arusha, katika mahakama ile ile ya Rwanda ambayo Marekani iliipelekea yule mchungaji. Vikwazo vikaondolewa 2021. Novemba 2024 zikatoka hati za Waziri Mkuu wa Israel, Netanyahu, na aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, na 2025 vikwazo vikarudi, safari hii mpaka kwa majaji.

Mmoja wa majaji hao ni Solomy Balungi Bossa, wa Uganda. Wanasheria wa Arusha wanamjua vizuri. Alikaa katika Mahakama ya Afrika Mashariki, akakaa katika mahakama ya Rwanda, akakaa katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, zote Arusha. Kosa lake? Alikuwa katika jopo lile la rufaa lililoruhusu uchunguzi wa Afghanistan. Alitoa uamuzi, ndiyo kazi ya jaji.

Pengine mtauliza, vikwazo ni kitu gani hasa? Ni risasi? Hapana. Jaji mwenzake mmoja, Mfaransa, ameeleza. Kadi za benki za makampuni ya Kimarekani zinakataa. Akaunti za kununulia vitu mtandaoni zinafungwa. Aliweka nafasi ya hoteli ndani ya Ufaransa, nchini kwake mwenyewe, kwa kupitia kampuni ya mtandao ya Kimarekani. Saa chache baadaye ukaja ujumbe kwamba nafasi imefutwa. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mahoteli ya Nungwi na Paje mnajua wageni wetu wangapi wanaingia kwa njia hizo hizo. Jaji anaorodheshwa pamoja na magaidi na wauza unga, kwa sababu ya uamuzi alioutoa.

Urusi nayo ilipoona hati ya Putin ikafanya yake, ikawatia mwendesha mashtaka na majaji kwenye orodha ya watu inaowatafuta. Wakubwa hawa wawili, Marekani na Urusi, hawakubaliani hata juu ya saa, lakini katika hili wanafanana kama mapacha.

Sasa tusiwe wavivu, tuisikilize hoja yao. Wanasema hivi: askari wetu wako nchi nyingi, wakishtakiwa huko na majaji wasiotupenda, itakuwa siasa. Na wanasema: hatukujiunga, mahakama itatuhukumuje?

Hili la pili lina jibu jepesi. Mtalii anakodi pikipiki, anaiendesha njia ya Paje, anamgonga mzee wa watu. Je, anaweza kumwambia askari wetu, nchi yangu haikutia saini sheria za Zanzibar? Si atachekwa? Umefanya kosa Paje, utajibu kwa sheria ya Paje. ICC ndivyo inavyofanya. Haimfuati Mmarekani Chicago. Inasema kosa likitendeka Afghanistan, au Ukraine, au nchi nyingine iliyoikubali mahakama, basi inaweza kuuliza, awe mtendaji ametoka wapi.

Tena wakubwa wenyewe wanaijua kanuni hii, na wanaitumia kwetu. Mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 yaliua watu zaidi ya 200 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wauaji walistahili kushtakiwa, hilo halina mjadala. Vijana wawili waliozaliwa visiwani humu walikamatwa, mmoja Cape Town, mmoja Pakistan, wote wakahukumiwa kifungo cha maisha New York. Yule wa Cape Town alikabidhiwa upesi upesi, mpaka Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema 2001 kwamba ilikuwa kinyume cha sheria kumtoa bila kupata ahadi kuwa hatahukumiwa kifo. Mkono wa dola ile ulifika mbali sana kutafuta haki ya wafu, na wengi wa wafu wale ni Waafrika wenzetu. Siwalaumu kwa hilo. Nasema tu kwamba mkono unaofika Cape Town usishangae The Hague nayo ikinyoosha wake.

Hoja ya kwanza, ya siasa, ni nzito zaidi. Lakini sheria ya ICC imeiwekea kizuizi. Mahakama hii haiingii pale nchi yenyewe inapochunguza na kuhukumu kwa kweli. Uingereza ni mfano. Askari wake walituhumiwa kuwatesa na kuwaua wafungwa Iraq. Ofisi ya mwendesha mashtaka iliangalia jambo hilo miaka mingi, ikasema Desemba 2020 kwamba kuna msingi wa kuamini makosa ya kivita yalitendeka, lakini haitafungua kesi kwa kuwa haikuthibitika kwamba Uingereza inawakinga watu wake. Wengine wakalalamika kuwa mkubwa amependelewa, na mimi siwezi kuapa kuwa walikosea. Ila tazameni: Uingereza ilijiunga, ikaulizwa, ikajibu, na mbingu hazikuanguka. Hakuna jenerali wa London aliyeburutwa. Basi wale wengine wanaogopa nini, kama mahakama zao ni safi kama wanavyosema?

Nageukia upande wetu sasa, maana kuwasema wakubwa peke yao ni rahisi mno.

Agosti 2010 Kenya ilikuwa inasherehekea katiba mpya, na mmoja wa wageni waliokaa jukwaani Nairobi alikuwa Omar al-Bashir wa Sudan, mwenye hati ya kukamatwa, ndani ya nchi ambayo ni mwanachama. Kisha ikaja kesi ya Kenya yenyewe, baada ya watu zaidi ya elfu moja kuuawa katika ghasia za 2007 na 2008. Uhuru Kenyatta alikwenda The Hague Oktoba 2014, rais wa kwanza aliye madarakani kusimama mbele ya mahakama ile. Kabla mwaka haujaisha mashtaka yakaondolewa, mwendesha mashtaka akilalamika kwamba serikali haikutoa ushahidi ulioombwa. Kesi ya naibu wake, William Ruto, ikavunjika Aprili 2016, majaji wakisema mashahidi waliingiliwa. Wafiwa wa Naivasha na Eldoret walibaki na nini? Na haki yao haikuzuiwa na Washington wala Moscow. Wakati ule, mtasema, Johnnie Carson wa serikali ya Marekani aliwakumbusha Wakenya kabla ya uchaguzi wa 2013 kwamba kila chaguo lina matokeo yake. Kweli, na maneno hayo yalinuka unafiki. Lakini unafiki wa Carson haukumfufua hata mmoja wa waliouawa Kiambaa.

Kwa hiyo ninaposikia kwenye baraza zetu, Jaws Corner au kwengineko, watu wakisema mahakama hii ni ya kuwahukumu Waafrika tu, tuitoke, mimi nakubali nusu. Ni kweli kwamba mpaka sasa wote waliotiwa hatiani pale kwa makosa yale makubwa ni Waafrika. Lakini kesi za Uganda, za Kongo, za Mali na za Afrika ya Kati, nani alizipeleka? Serikali zao wenyewe ziliomba. Na nani alikwenda kusema? Mashahidi kutoka Ituri walisimama mbele ya majaji wakatoa ushahidi kwa Kiswahili, Kiswahili cha Kongo, wakalimani wakiwa kwenye vibanda vyao wakihangaika nacho. Thomas Lubanga alitiwa hatiani 2012 kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mzazi wa Bunia aliyeporwa mwanawe akabebeshwa bunduki, utamwambia mahakama ile si yake kwa sababu Mmarekani ameikataa?

Na lipo letu hasa. Tarehe 7 Desemba 2017, katika kambi ya Semuliki, wilaya ya Beni, wapiganaji walivamia walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Walikuwa askari wetu wa JWTZ. Zaidi ya kumi walikufa usiku ule. Mnakumbuka majeneza yalivyopokelewa. Chini ya Mkataba wa Roma, kuwashambulia walinda amani kwa makusudi ni kosa la kivita. Kama siku moja aliyepanga shambulio lile atapatikana amejificha katika nchi kubwa, yenye rafiki zake na maslahi yake, Tanzania itataka nchi hiyo imtoe. Tutakwenda kubisha hodi tukisema sheria inasema hivi. Ndiyo maana nasema ushirikiano wa wakubwa tunauhitaji sisi kwanza. Félicien Kabuga, aliyetuhumiwa kuyalipia mauaji ya Rwanda, alikutwa kando ya Paris Mei 2020, baada ya miaka 26. Mtu hajifichi pangoni siku hizi. Anajificha kwenye nyumba ya kupanga katika mji mkubwa wa nchi tajiri, na polisi wa huko wasipogonga mlango, hakuna atakayegonga.

Kuna swali jengine linaloulizwa huku kwetu kwa sauti ya chini, nami nitalijibu kwa sauti ya kawaida. Na ya Januari 2001 je? Yale ya Pemba na Unguja, watu walipopigwa risasi kwenye maandamano na wengine wakapanda majahazi mpaka Shimoni, Kenya? ICC haiyagusi. Mamlaka yake yanaanza tarehe 1 Julai 2002, hairudi nyuma hata siku moja. Yale yaliachiwa tume yetu, iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Nalitaja ili mtu asiitarajie mahakama ile kwa jambo isiloliweza.

Tunakaribia mwisho wa muda wetu. Mtaniuliza, sasa wakubwa wakikataa, sisi tutawafanya nini? Kisiwa kidogo hiki kitamlazimisha nani?

Hatumlazimishi mtu. Lakini wanakuja kwetu. Wanakuja kutaka bandari, kutaka njia za ndege zao, kutaka mazoezi ya kijeshi, kutaka gesi, kutaka tuwakabidhi watu wanaowatafuta, na kila wanachotaka kinaandikwa kwenye mkataba. Karatasi ile waliyozunguka nayo 2002 na 2003 haikuwa na urefu wa kutisha. Kurasa chache tu, na kiini chake kinasema mtu wetu hamtamtoa. Kenya ilikaa na karatasi ile, ikafikiri, ikakataa, na ikalipa kwa kukataa. Walioona Kenya inasema hapana kwa Marekani wakati ule walishangaa, na wengine waliona ni ujinga kukosa msaada kwa jambo la mbali.

Basi ombi langu ni hili, hasa kwa nyinyi mnaotuwakilisha barazani Chukwani na bungeni Dodoma na mnaotusikiliza jioni hii. Ukiletwa mkataba wa ulinzi au wa ushirikiano na dola yoyote kubwa, ya Magharibi au ya Mashariki, ufungueni mpaka mwisho. Tafuteni kifungu kile. Aghalabu hakiwekwi mbele. Mkikikuta, muulizeni balozi aliyekuja nacho swali moja, kwa adabu zetu zote, kahawa ikiwa mezani: na sisi mtatupa kifungu kama hicho kwa watu wetu mnaowataka nyinyi? Kisha msubirini ajibu.